Ngojangoja Huumiza Matumbo

Wahenga hawakuwa na darubini wala maabara, lakini waliponena kwamba ngojangoja huumiza matumbo walisema jambo ambalo matabibu wa siku hizi wamelithibitisha kwa hesabu. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa mambo mengine kabisa: deni lisilolipwa, kesi isiyosikizwa, ahadi ya mwanasiasa isiyotimizwa. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, hususan walimu na wanafunzi, tuitumie kwa maana yake ya wazi. Tunazungumzia utumbo mpana, saratani inayoota humo, na kile kipimo kidogo cha choo ambacho baadhi ya wakazi wa Thika na Ruiru watatakiwa kukifanya, au wamekwisha kukifanya na majibu wakayakunja mfukoni.

Tuitoe hoja yetu mapema. Kipimo cha damu iliyojificha katika choo si jibu, bali ni swali. Jibu lake hupatikana kwa uchunguzi wa pili uitwao kolonoskopi, ambapo daktari huutazama utumbo mpana kwa ndani akitumia mpira mwembamba wenye kamera. Anayepatikana na damu katika kipimo cha kwanza kisha akauacha uchunguzi wa pili ni kama hajapimwa. Na hospitali, serikali au kikundi chochote kinachowapima watu choo bila ya kuwatengenezea njia ya kuufikia uchunguzi huo hakijawasaidia; kimewaachia hofu tu.

Yafaa kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Aghalabu saratani ya utumbo mpana haizuki ghafla. Huanza na kijinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Polipu nyingi hazitaleta madhara kamwe. Lakini baadhi yake hukua polepole, na baada ya miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, hugeuka kuwa saratani. Katika kipindi hicho chote mwenyewe hahisi lolote. Anakula, analala, anafundisha, analima. Ila polipu iliyokua hudondosha damu kidogo kidogo, damu ambayo jicho haliioni kwa kuwa imechanganyika na choo.

Damu hiyo ndiyo inayotafutwa. Kipimo cha zamani kilitumia utomvu wa mti, na kiliweza kudanganywa na nyama nyekundu aliyoila mtu siku iliyotangulia. Kipimo cha siku hizi hutafuta protini ya damu ya binadamu peke yake; hakijali kama mtu alikula nyama choma au sukuma wiki. Mtu huchukua sampuli yake mwenyewe nyumbani kwa kijiti kidogo, akaifunga katika kichupa na kuipeleka maabara. Hakuna sindano, hakuna maumivu, hakuna kulazwa. Nchi nyingi zilianza kuwapima watu waliotimiza miaka 50, na mwaka wa 2021 jopo la wataalamu wa Marekani liliushusha umri huo hadi 45. Hapa kwetu, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani mwaka wa 2018, na saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zile zilizotajwa humo.

Wako watakaouliza: je, huu si ugonjwa wa Wazungu? Swali hilo lina historia, na historia yake imepita jirani yetu. Daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi kwa miaka mingi nchini Uganda, katika Hospitali ya Mulago. Mwaka wa 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye, katika miaka ya 1970, alitangaza ulimwenguni kote kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika wa vijijini, na akaeleza kuwa sababu ilikuwa chakula chao chenye makapi mengi. Alichokiona wakati ule kilikuwa kweli ya wakati ule. Lakini Mwafrika aliyemwona Burkitt hakuwa akiishi Ruiru ya leo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, mji huo ulikuwa na watu wapatao 490,000, wengi wao wakiwa wapangaji wanaoamka alfajiri kupanda matatu za Nairobi na kurudi usiku, wakila chipsi na mkate mweupe njiani. Hivi sasa saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa saratani tano zinazowapata Wakenya zaidi, pamoja na zile za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio. Ulimwenguni kote, mwaka wa 2022, watu wapatao milioni 1.9 walipatikana nayo, na wapatao 900,000 walikufa. Ugonjwa usiojua pasipoti hauwezi kuitwa wa Wazungu.

Walimu wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, aliwahi kuwa mwalimu wa historia kabla ya kuingia katika siasa, na hata bungeni alijulikana zaidi kwa kupigania elimu ya watoto wa mtaa wake. Mwaka wa 2019 aliutangazia umma kwamba alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika hatua ya nne. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 41. Ujasiri wake wa kuutaja ugonjwa kwa jina, katika nchi ambayo mficha maradhi bado ni wengi, ni somo alilotuachia bila ubao wala chaki.

Umri wake watufundisha jambo jingine. Kipimo cha choo tunachokizungumzia kimekusudiwa watu wasiokuwa na dalili. Mwenye kuona damu kwa macho yake, mwenye kupungua uzito bila sababu, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, au ambaye mazoea yake ya kwenda choo yamebadilika kwa wiki kadhaa, huyo asingoje kutimiza miaka 45 wala asitafute kipimo cha choo. Aende moja kwa moja kwa daktari.

Turudi kwa yule asiye na dalili, aliyepima akaambiwa kuna damu. Mwalimu yeyote anajua kazi ya rejesta ya darasa. Inamwonyesha kwamba mwanafunzi fulani hakuja leo. Haimwambii kwa nini. Huenda anaumwa, huenda hana karo, huenda amekwenda kuchuma kahawa, na huenda amekumbwa na jambo zito zaidi. Mwalimu mwenye busara haiti rejesta mara ya pili akitumaini kwamba mtoto ataitika. Hutuma mtu nyumbani. Kipimo cha choo ni rejesta, na kolonoskopi ndiyo safari ya nyumbani.

Na safari hiyo mara nyingi huleta habari njema. Katika nchi zilizowapima watu wengi, miongoni mwa kila watu mia walioonekana kuwa na damu, wanaopatikana na saratani kwa kawaida hawafiki kumi. Wengi zaidi hupatikana na polipu, na wengine hawapatikani na kitu. Zaidi ya hayo, mpira ule wenye kamera si jicho tu. Ni mkono vilevile. Mwaka wa 1969 mjini New York, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walianza kuziondoa polipu kwa kutumia kifaa hicho hicho, bila ya kumpasua mgonjwa tumbo. Tangu hapo kolonoskopi imekuwa uchunguzi ambao papo hapo waweza kuwa tiba. Polipu iliyokatwa leo haitakuwa saratani kesho kutwa. Ni magonjwa machache sana yanayotupa nafasi kama hiyo ya kuyang'oa yangali mche.

Hebu tutazame ushahidi. Mwaka wa 1993 watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu watu zaidi ya 46,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 80. Kwa wale waliopimwa choo kila mwaka, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 33 katika muda wa miaka 13, wakilinganishwa na wasiopimwa. Wengi huishika tarakimu hiyo wakaishangilia, wakasahau kilichoizaa. Karatasi ya maabara haikumponya mtu. Waliopatikana na damu waliitwa wafanyiwe kolonoskopi, polipu zikaondolewa, na saratani changa zikatibiwa kabla ya kuenea. Iondoe kolonoskopi, na faida ile inayeyuka kama umande juani.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2022 kutoka jimbo la Veneto nchini Italia, uliwafuatilia watu zaidi ya 110,000 waliopatikana na damu katika choo. Katika muda wa miaka kumi, walioikwepa kolonoskopi walikufa kwa saratani hii mara mbili zaidi ya walioifanya. Watu hao wote walikuwa wamepimwa, na wote waliambiwa. Kilichowatenga walio hai na waliokufa hakikuwa kujua, bali kufuatilia.

Je, mtu anaweza kungoja muda gani? Hilo nalo limechunguzwa. Mwaka wa 2017 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu zaidi ya 70,000. Waliofanyiwa kolonoskopi ndani ya miezi kumi hivi hawakutofautiana sana na waliofanyiwa katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hatari ilianza kupanda. Kwa waliopitisha mwaka mzima, uwezekano wa kupatikana na saratani ulizidi mara mbili, na uwezekano wa kuikuta saratani iliyokwisha kukomaa ulizidi mara tatu.

Maana yake ni nini kwa mwalimu wa Thika au karani wa Ruiru? Ni kwamba majibu yenye damu si jambo la kumkimbiza mtu usiku wa manane kana kwamba nyumba inaungua. Lakini pia si jambo la mwakani. Sisi tungependekeza kipimo ambacho kila mwalimu anakielewa: usipite muhula mmoja. Aliyepata majibu Februari, na afanyiwe uchunguzi likizo ya Aprili isijeisha. Aliyeyapata Mei, asiivuke likizo ya Agosti. Anayesema atangoja watoto wamalize mitihani, kisha mavuno, kisha harusi ya mpwa wake, kisha Krismasi, huyo ameanza kuihesabu ile miezi kumi bila ya kujua.

Pamoja na hayo, ni lazima tuvikabili vikwazo, maana kumlaumu mgonjwa ni rahisi na hakumponyi.

Kikwazo cha kwanza ni visingizio vya damu. Kwetu hapa damu katika choo ina wenyewe wengi: kuna amiba, kuna minyoo, kuna bawasiri, na kuna kichocho cha tumbo ambacho kimewasumbua kwa miaka mingi watu wa mashamba ya mpunga ya Mwea, si mbali sana na Thika. Kwa hiyo mtu akionyeshwa majibu, hupewa dawa ya amiba na akaambiwa aende zake. Au mwenyewe hujiambia, "Hizi ni zile bawasiri zangu." Ieleweke kwamba kuwa na bawasiri hakumzuii mtu kuwa na polipu, vyaweza kukaa pamoja katika mwili mmoja kama wapangaji wawili katika ploti moja. Minyoo itibiwe, amiba itibiwe, lakini tiba hiyo isichukue nafasi ya uchunguzi.

Kikwazo cha pili ni tamaa ya kurudia kipimo. Mtu hupatikana na damu, akaenda maabara ya pili akaambiwa hakuna, akamshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Hii ni faraja ya uongo. Polipu haidondoshi damu kila siku. Leo hudondosha na kesho ikanyamaza. Kunyamaza kwake hakufuti kilichoonekana jana. Kipimo kikishaonyesha damu, hatua inayofuata ni kolonoskopi, si kipimo kingine cha choo.

Kikwazo cha tatu ni haya na hofu. Hatutajifanya kana kwamba hatujui. Kifaa hupitishwa sehemu za siri, na katika jamii zetu mzee wa kuheshimiwa huona afadhali afe na heshima yake. Lakini heshima gani hiyo inayomwacha mjane na watoto wa shule? Mgonjwa hufunikwa vizuri, huweza kuomba daktari au muuguzi wa jinsia yake pale anapopatikana, na aghalabu hupewa dawa ya kumtuliza hata akasinzia. Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua chini ya saa moja. Hatari zipo, na mwungwana hazifichi: utumbo waweza kutoboka au kutoka damu baada ya polipu kukatwa. Hata hivyo, mbele ya mikono iliyofundishwa, kutoboka kwa utumbo humpata takriban mtu mmoja kati ya elfu, au pungufu ya hapo. Mgonjwa aulize, aelezwe, ndipo atie sahihi.

Kikwazo cha nne hakizungumzwi sana, nacho ndicho kigumu zaidi kwa maskini. Kabla ya kolonoskopi utumbo hauna budi kuwa mtupu na safi. Siku moja kabla, mtu huacha vyakula vigumu, hubaki na vinywaji vyepesi, kisha hunywa dawa ya kuharisha hadi kinachotoka ni kama maji. Katika nyumba yenye choo cha ndani na bomba lenye maji, hiyo ni adha ya usiku mmoja. Lakini mtazame mkazi wa Kiandutu mjini Thika, au wa chumba cha kupanga pale Githurai na Kihunguro, ambako familia kadhaa hutumia choo kimoja na maji hununuliwa kwa mitungi. Anywe dawa hiyo, kisha apange foleni na majirani mlangoni? Asubuhi apande matatu ya kwenda hospitali akiwa katika hali hiyo? Kisha, kwa kuwa amepewa dawa ya usingizi, hawezi kurudi peke yake kwa bodaboda. Lazima awe na mtu wa kumsindikiza. Kwa kibarua wa shamba la mananasi au la kahawa, hizo ni siku mbili za ujira zilizopotea, zake na za msindikizaji. Anayemwona mtu huyu hakurudi hospitali akasema "amepuuza" hajayaona maisha yake.

Na juu ya yote kuna gharama. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mtu anayekatwa fedha hizo ana haki ya kuambiwa kwa lugha nyepesi, kabla ya siku ya uchunguzi, ni kiasi gani kitakacholipwa na bima na ni kiasi gani atakachokitoa mfukoni. Mgonjwa anayeijua bei mlangoni pa chumba cha uchunguzi, akiwa amekwisha kuharisha usiku kucha, amedhulumiwa.

Hapo ndipo tunapowageukia wenye mamlaka. Tangu mwaka wa 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Hospitali ya Thika Level 5 na ile ya Ruiru ziko mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Kiambu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na ile ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo mwendo mfupi tu wa matatu kutoka Ruiru, ziko chini ya serikali kuu. Barua ya rufaa inapotoka katika hospitali ya kaunti kwenda katika hospitali ya taifa, huvuka mpaka wa serikali mbili. Daktari aliyeiandika anajua kwamba aliiandika. Daktari anayengoja hajui kwamba inakuja. Katikati yao yuko mgonjwa mmoja na karatasi yake, na karatasi ikipotea hakuna anayeulizwa. Barabara Kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012 imeufupisha mwendo wa gari. Hakuna barabara iliyojengwa kwa ajili ya barua ya rufaa.

Zipo sauti zinazosema kwamba, kwa hali yetu, afadhali tusipime kabisa. Hoja yao si ya kudharauliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2021, uliozihusu Kenya, Ethiopia, Malawi na Zambia, ulikadiria kwamba uwezo wa nchi hizo wa kufanya uchunguzi wa aina hii ni kati ya asilimia 1 na 10 tu ya ule wa nchi tajiri. Tukiwapima maelfu kwa siku moja, foleni itarefuka, na yule anayevuja damu waziwazi atasukumwa nyuma na wasio na dalili. Shirika la Afya Duniani lililiona hilo zamani. Mwaka wa 1968 lilichapisha kanuni za kuwapima watu wasio na dalili, zilizoandikwa na Wilson na Jungner, na mojawapo yataka vifaa vya kuuthibitisha ugonjwa na kuutibu viwepo.

Sisi twaikubali kanuni hiyo, ila hatukubali itumiwe kuhalalisha uzembe. Inatuamuru tuhesabu kabla ya kupima, haituamuru tulale. Kama hospitali inaweza kufanya kolonoskopi kumi kwa mwezi kwa ajili ya waliopatikana na damu, basi na ipime watu wa kutosha kuzijaza nafasi hizo kumi, si mia. Na wakati huohuo wauguzi na madaktari wapelekwe kufundishwa, vifaa vinunuliwe na vilivyoharibika vitengenezwe, ili kumi ziwe ishirini. Kambi ya matibabu ya Jumamosi moja, yenye hema, kipaza sauti na fulana za bure, isiwe mahali pa kugawa majibu ambayo hakuna wa kuyafuatilia.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. La kwanza, asiambiwe mtu yeyote kwamba ana damu katika choo bila ya kupewa, siku hiyohiyo, tarehe na mahali pa kolonoskopi. La pili, kila kituo kinachopima kiwe na daftari na mtu mmoja anayewajibika nalo, mwenye kumpigia simu asiyefika, na kulinda siri yake. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchini kote, ambao serikali iliwazindua Septemba 2023, wanazijua nyumba za mitaa yao. Ni nani awezaye kubisha hodi kwa upole kuliko wao? La tatu, hospitali zitenge vitanda vichache ambamo mtu asiye na choo cha faragha ataweza kuinywa dawa ya kusafisha utumbo na kulala hapohapo. Kitanda cha usiku mmoja ni rahisi kuliko matibabu ya saratani ya mwaka mzima. La nne, kaunti na serikali kuu zikubaliane juu ya njia moja ya rufaa, ambayo anayepeleka mgonjwa atajulishwa kama alifika na alipatikana na nini.

Na shule je? Ukanda huu wa Thika na Ruiru umejaa wasomi: kuna shule za upili zenye sifa, kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, kile cha Jomo Kenyatta kule Juja, na cha Kenyatta barabarani hiyohiyo. Walimu wengi waandamizi wako katika umri unaohusika, na hustaafu wakiwa na miaka 60, umri ambao mtu hangependa kuufikia ili aanze kuuguzwa. Chama cha walimu katika kila shule chaweza kuutenga mkutano mmoja kulizungumzia jambo hili, na mwalimu mkuu anayeombwa ruhusa ya siku mbili na mwenzake mwenye barua ya hospitali asimuulize maswali ya kumfedhehesha.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba habari hii ni ya wazee peke yao. Mmejifunza mmeng'enyo wa chakula katika somo la biolojia. Mnajua utumbo mpana uko wapi na hufanya nini. Katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaosoma barua za hospitali na ujumbe wa simu kwa niaba ya nyanya na babu. Mkikuta karatasi inayosema damu imeonekana katika choo, msiirudishe kabatini. Ulizeni kwa adabu: "Baba, tarehe ya kolonoskopi ni lini?" Kama tarehe haipo, isaidieni familia kuitafuta, na siku ikifika mmoja wenu amsindikize mzazi. Mtoto anayemkumbusha mzazi wake hajamkosea heshima.

Kila kipimo cha choo kinachoonyesha damu kimeuliza swali. Aliyepima ana deni la kuionyesha njia ya kulipata jibu, na aliyepimwa ana deni la kuifuata. Deni hilo halitalipwa kwa sala peke yake, wala kwa dawa ya amiba, wala kwa kipimo cha pili cha maabara ya jirani. Litalipwa kwa tarehe iliyoandikwa, kabla muhula haujaisha.